Vikundi Vipya, Fikra Mpya: Tamthilia ya Kiswahili na Jukwaa Nchini Kenya Tangu 1952

Miongoni mwa malalamiko yanayorudiwarudiwa katika mijadala ya sanaa za maonyesho nchini Kenya ni kwamba uwanja huu umedorora na kwamba dawa yake ni vikundi vipya na fikra mpya. Malalamiko haya si ya leo. Yalisikika katika miaka ya 1960, bendera ilipokuwa imekwisha kubadilishwa ilhali jukwaa lilibaki lile lile; yakasikika tena katika miaka ya 1980, na yangali yanasikika. Kinachostahili kuchunguzwa ni lile neno dogo "na" linaloviunganisha vitu hivi viwili kana kwamba ni pacha, kwamba palipo na kikundi kipya ndipo palipo na fikra mpya. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Vikundi vimezaliwa kwa wingi, na vingi kati yavyo vilivaa maleba ya vile vilivyotangulia. Kilichokosekana, hasa kwa upande wa tamthilia ya Kiswahili, ni uhusiano wa kudumu baina ya mtunzi, kikundi na hadhira inayokuja kwa hiari yake. Ili kulitambua pengo hilo, yafaa kuanzia pale jukwaa rasmi lilipojengwa.

Jumba la Kitaifa la Maigizo jijini Nairobi lilifunguliwa mwezi Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Aliyelifungua ni Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Taifa lililokusudiwa katika jina la jumba hilo halikuwa la Mwafrika ambaye baada ya muda mfupi kijiji chake kingezungushiwa seng'enge. Sambamba na jumba hilo palikuwa na kampuni ya Donovan Maule na mkewe Mollie, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambayo mwaka 1958 ilipata ukumbi wake yenyewe. Michezo yake ilitokana kwa kiasi kikubwa na ile iliyokuwa ikivuma London. Wahakiki wazalendo wameidharau kampuni hiyo, na wana sababu. Hata hivyo, kwa upande wa uendeshaji lazima ikiriwe kwamba ilikuwa imara: ilikuwa na ukumbi, waigizaji wa kulipwa, watazamaji wa kudumu, na ratiba iliyojulikana mapema. Ni vigumu kukitaja kikundi chochote cha tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya kilichowahi kuwa na mambo hayo manne kwa wakati mmoja.

Katika miaka hiyo hiyo, kilomita chache nje ya Nairobi, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance walikuwa wakiigiza Shakespeare kila mwaka kama ilivyokuwa desturi ya shule. Lakini baadhi yao walianza kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria iliigizwa katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1957. Ikafuatwa na Maisha ni Nini ya Kimani Nyoike na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, miongoni mwa nyingine. Kifani, tamthilia hizi ni changa. Visa vyake ni vya mapenzi, ulevi na vishawishi vya mjini, na mafunzo yake yanatolewa waziwazi mno. Wahakiki wamezipitia kwa aya moja na kuendelea na safari. Wanalolisahau ni kwamba vijana hao walitoka na michezo hiyo nje ya ua la shule, wakaiigiza katika kumbi za mitaa mbele ya watu ambao hawakuwa wamemsoma Shakespeare wala hawakuwa na haja naye. Hawakuwa na jina la kikundi linalokumbukwa. Ilhali hapo ndipo tamthilia ya Kiswahili ya bara ya Kenya ilipoanza, na ilianza ikiwa na hadhira kabla ya kuwa na kitabu. Mfuatano huo ulikuja kugeuzwa baadaye, na kugeuzwa kwake ndiko chanzo cha mengi yanayolalamikiwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Jumba la Kitaifa halikubadili mwenendo wake kwa haraka. Mwaka 1968 Seth Adagala alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza, na katika kipindi hicho pakaanzishwa mafunzo ya waigizaji. Mgogoro ulifikia kilele mwezi Oktoba 1976. Kenya ilikuwa ikitayarisha michezo miwili ya kupelekwa Lagos katika tamasha la FESTAC la mwaka 1977: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Michezo iliyoiwakilisha nchi ilipewa siku chache tu katika jumba lililoitwa la taifa, ikabanwa katikati ya maonyesho ya kigeni yaliyokwisha kupangiwa nafasi. Watu walijaa. Inasimuliwa kwamba baada ya onyesho la kwanza la Kimathi hadhira ilitoka na waigizaji, ikacheza na kuimba hadi barabarani. Tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilichapishwa mwaka 1978.

Kutokana na tukio hilo wengi walihitimisha kwamba tatizo ni umilikaji wa jumba: Waafrika wakilishika, sanaa itastawi. Hitimisho hilo lilikuwa na ukweli wa nusu. Nusu ya pili ilidhihirika Limuru mwaka uliofuata.

Kamĩrĩĩthũ imesimuliwa mara nyingi kiasi cha kugeuka karibu kuwa hekaya, na kwa sababu hiyo yafaa kuirejelea kwa uangalifu. Kituo cha elimu na utamaduni kilikuwapo kijijini tayari, na kazi yake kubwa ilikuwa elimu ya watu wazima. Mchezo Ngaahika Ndeenda uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na kuelekezwa na Kĩmani Gecaũ, ulianza kuonyeshwa mwanzoni mwa Oktoba 1977 katika uwanja wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Leseni ilifutwa katikati ya Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978.

Je, jipya lilikuwa nini? Maudhui ya unyakuzi wa ardhi na unyonyaji wa vibarua yalikuwa yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Wala waelekezi na watunzi hawakuwa wageni katika uwanja huu. Walikuwa wasomi wa chuo kikuu. Upya ulikuwa katika mazoezi. Mazoezi yalifanywa hadharani, mtu yeyote akapita akasimama, akatazama, akakosoa. Wazee waliwasahihisha wasomi kuhusu jinsi mzee wa umri fulani anavyoongea na nyimbo za enzi fulani zilivyoimbwa. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza jinsi mshahara unavyohesabiwa. Kufikia siku ya onyesho la kwanza, sehemu kubwa ya hadhira ilikuwa inaujua mchezo kwa kuwa ilikuwa imeshiriki kuutengeneza. Hapa neno "hadhira" lenyewe linabadilika maana. Na dola ilionekana kulielewa jambo hili kuliko wahakiki wengi: kitabu kilikuja kuchapishwa mwaka 1980 na kuuzwa madukani, kilichozuiwa ni mkutano wa watu. Kundi hilo lilipojaribu tena na Maitũ Njugĩra mapema mwaka 1982, lilinyimwa ruhusa ya kuingia katika Jumba la Kitaifa, na mwezi Machi uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa na askari.

Wataalamu wa Kiswahili hulitaja tukio hili kwa heshima na kisha kuliweka kando, kwa hoja kwamba lilikuwa la Kigĩkũyũ. Uwekaji kando huo umewagharimu. Swali ambalo Kamĩrĩĩthũ iliwauliza, yaani tamthilia hutungwa pamoja na nani, halitegemei lugha moja, na lilikuwa likiulizwa kwa Kiswahili upande wa pili wa mpaka.

Tanzania ilikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa na serikali tangu miaka ya 1960; vilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na nafasi yao kushikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimelea watunzi wa kiwango cha Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Kinjeketile ya Hussein (1969) iliwathibitishia wenye shaka kwamba Kiswahili kinaweza kubeba tanzia ya kihistoria pasipo kukopa sauti ya Mwingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wahadhiri walijiunga katika kikundi cha Paukwa, wakatunga Ayubu kwa pamoja, wengine wakaenda Malya na Msoga kuibua michezo pamoja na wanavijiji kuhusu matatizo yao. Wakati huo huo vikundi vya kibiashara vilikuwa vinajaza mabaa ya Dar es Salaam kwa maonyesho mchanganyiko ya ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, chama tawala kikawa na kikundi chake, Tanzania One Theatre, chini ya uongozi wa Kapteni John Komba. Kikundi hicho kilikuwa kipya, chenye vyombo vipya na nguvu mpya. Kwa upande wa fikra, kilikuwa kinawatumikia waliokuwa madarakani tangu zamani. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba kuhesabu vikundi si kipimo cha uhai wa sanaa.

Baada ya 1982 jukwaa la Kenya liligawanyika. Kampuni ya Phoenix Players, iliyoanzishwa na James Falkland katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, ilirithi kwa kiasi kikubwa ukumbi na mazoea ya enzi ya Maule: uanachama, ratiba, na michezo mingi ya kigeni. Haki yake isifichwe, kwani iliwafunza waigizaji wengi Waafrika ambao baadaye walitawala jukwaa na runinga, hadi ilipokuja kufunga milango katika muongo wa 2010. Vikundi vingine vilipata hifadhi katika vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani jijini Nairobi. Kinaya chake kinajieleza: ili mchezo wa Mkenya uigizwe kwa usalama kidogo, ulihitaji paa la balozi. Mwaka 1991 igizo lililotokana na Animal Farm ya George Orwell lilinyimwa ruhusa.

Aliyepata njia ya kuukwepa ukuta huo ni Wahome Mutahi, ambaye wasomaji wa magazeti walimjua kwa jina la Whispers. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi chake, Igiza Productions, kilipeleka michezo ya Kigĩkũyũ, ukiwamo Mũgaathe Mũbogothi, katika mabaa na hoteli. Watu walikaa na chupa zao mezani, wakamcheka mtawala. Kuna wasomi walioona kwamba baa si mahali pa sanaa. Walisahau kwamba mtazamaji wa baa alikuwa amelipa kwa pesa zake, alikuwa na uhuru wa kuondoka, na hakuondoka.

Kiswahili nacho kilikuwa wapi? Kwa upande mmoja kilikuwa katika runinga. Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwapa Wakenya kwa miongo mingi waigizaji kama Mzee Ojwang' na Mama Kayai, ambao ufundi wao wa kubuni mazungumzo papo hapo haujapata bado uchambuzi wa kina unaoustahili. Kwa upande mwingine, na hapa ndipo penye uzito, Kiswahili kilihamia kitabuni.

Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaoongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka uliofuata mtunzi alitiwa kizuizini. Ujumbe uliwafikia watunzi wengine bila kuhitaji ufafanuzi: kuchapisha kulikuwa na hatari, kuigiza kulikuwa na hatari zaidi. Pamoja na hofu hiyo, mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, ulizalisha soko kubwa la vitabu. Tamthilia ya Kiswahili ikapata mlezi mpya, naye ni mtihani. Tangu hapo zimefuatana Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), Kigogo ya Pauline Kea (2016), na Bembea ya Maisha, ya Arege pia, inayosomwa tangu 2023. Hizi ni kazi nzuri, na tatu za kwanza zinamkabili mtawala dhalimu kwa ujasiri ambao mwaka 1982 ungempeleka mtu kizuizini. Hata hivyo, Butangi, Cheneo na Sagamoyo zimejulikana na mamilioni ya vijana kama majibu ya maswali ya insha. Kijana anaweza kueleza sifa sita za Majoka bila kuwahi kumwona akivuka jukwaa.

Uhakiki wa vyuo vikuu haukosi lawama katika hili. Makala nyingi kuhusu tamthilia ya Kiswahili huijadili kama riwaya iliyokosa msimulizi. Huorodhesha maudhui, huwaainisha wahusika, hupita katika mbinu za lugha, kisha hufikia tamati. Maelekezo ya jukwaani husomwa kama mapambo ya matini, na ukimya wa mhusika hausomwi kabisa, kwa kuwa ukimya hauna nambari ya ukurasa. Mtafiti anaweza kumaliza tasnifu nzima kuhusu mtunzi wa tamthilia bila kuuliza ni kikundi gani kilichowahi kuiigiza, wapi, na watu walifanya nini. Fikra mpya inayodaiwa kwa waigizaji ingeanzia hapo.

Kwani vikundi vipo. Kila mwaka, hasa katika muhula wa pili, makumi ya vikundi vya vijana huzunguka katika shule za upili kuigiza vitabu vilivyoteuliwa. Huandikia idara za Kiswahili, hukubaliana bei kwa kila mwanafunzi, hufika asubuhi na maleba yaliyofungwa katika mifuko, huigiza katika bwalo la chakula au chini ya mti, kisha huondoka kuelekea shule ya pili kabla ya jioni. Mwigizaji mmoja hubeba wahusika watatu. Mandhari ni meza, kiti na shuka. Kwa umbo, hawa ndio warithi halisi wa maonyesho ya kuzungukazunguka yaliyoendeshwa na wanafunzi wa Makerere kuanzia 1965 na wa Nairobi katika muongo uliofuata, na ndio wanaolionyesha jukwaa la Kiswahili kwa watu wengi zaidi kuliko kumbi zote za Nairobi zikijumlishwa. Na wasomi hawawataji. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikundi hivi vilipoteza riziki kwa pigo moja, wala hakuna jarida la uhakiki lililoomboleza.

Dharau hiyo ina sababu moja ya haki. Maonyesho mengi ya namna hii yamefungwa na mtihani. Mwigizaji husita kwenye sentensi inayofahamika kuwa huulizwa, hadhira nayo huikariri kwa sauti pamoja naye. Anayethubutu kuifasiri Kigogo upya, tuseme kwa kumfanya Tunu awe na shaka anapolitetea soko la Chapakazi, atalaumiwa na mwalimu kwamba amewapotosha watahiniwa. Hadhira ni kubwa mno lakini haikuja kwa hiari, na kikundi hakiwezi kujifunza kitu kutoka kwa hadhira isiyoweza kubaki nyumbani. Kitabu kinapobadilishwa baada ya miaka minne au mitano, ufundi wote uliojengwa juu yake hutupwa. Kikundi hakiachi rekodi, hakina hazina ya michezo, hakina mtunzi wake.

Hili la mtunzi ndilo lingeweza kurekebishwa bila jumba jipya. Watunzi wanaofundisha vyuoni na vikundi vinavyozunguka mashuleni hukutana leo kupitia kwa mchapishaji tu. Hakuna kanuni inayomkataza mtunzi kuipeleka rasimu yake kwa vijana wale wale, iigizwe sokoni au katika ukumbi wa kanisa Jumamosi alasiri, wauza samaki waikosoe, kisha ndipo iende kwa mchapishaji. Wavulana wa Alliance walianza na ukumbi wakaishia kitabuni. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilirejea, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, ikaigizwa katika Jumba la Kitaifa la Maigizo lile lile ambalo warithi wake walifungiwa mwaka 1982. Ulikuwa ushindi. Lakini ilirejea ikiwa matini iliyokamilika, mbele ya watu waliokata tiketi kuja kuona historia. Mazoezi ya hadharani hayakuweza kurejea nayo.

Hadhira ikiwa ndicho kipimo, basi tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, lina mengi ya kufunza. Ndilo taasisi ya maigizo iliyodumu kuliko zote nchini, na limewalea waigizaji wa kila kizazi, japo michezo yake mingi hufa mara tu vikombe vinapotolewa. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kuendelea hadi mahakama ilipoingilia kati. Mwezi Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na Echoes of War, tena kwa amri ya mahakama. Mtunzi, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Nje, polisi walikuwa wakiwatawanya watu na waandishi wa habari kwa vitoa machozi. Wasichana walipanda jukwaani, wakakuta hapana vyombo vya sauti, hapana mwelekezi wao, na hapana watazamaji. Waliimba Wimbo wa Taifa, wakashuka, wakaelekea kwenye basi bila kuigiza.